Nimenunua sarafu ya shaba ya Kirumi: mbwa ananyonyesha watoto wawili. Wajuvi, hii maana yake nini?

#1 Mpiga Deki
Wakuu, salaam.

Niko Ujerumani, upande wa magharibi, nasomea uuguzi. Jumamosi nilipita soko la vitu vikuukuu, lile la watu kutandika turubai chini na kumwaga makorokoro ya babu zao. Mzee mmoja ana boksi la biskuti limejaa visarafu vichafu, anasema ni vya Kirumi, euro 4 kimoja. Nikachagua ambacho picha yake ilikuwa inaonekana kidogo.

Ukubwa ni kama kucha ya dole gumba langu. Upande mmoja kuna kichwa kimevaa kofia ya chuma, maandishi VRBS ROMA. Upande wa pili mnyama kama mbwa kasimama, kageuza shingo, chini yake watoto wawili wananyonya. Juu kuna nyota mbili. Chini kabisa nasoma ...CONST, herufi ya mwanzo imeliwa na kutu.

Nimeperuzi nikaona ni ya enzi za Constantine. Huyu si ndiye tuliyefundishwa kwenye mafundisho ya kipaimara kwamba ndiye mfalme wa kwanza wa Roma kuwa Mkristo? Sasa Mkristo gani anaweka mbwa na nyota kwenye pesa? Hilo ndilo swali langu. Picha naweka nikitoka zamu.

#2 Nipo Hapa Tu
Ngoja waje. Nimekaa kiti cha mbele.

#3 Chaurembo
Mkuu huyo si mbwa, ni fisi. Angalia shingo. Warumi walikuwa wanga, kesi imefungwa.

#4 Kobe wa Mtoni
#3 punguza utani. Ni mbwa mwitu jike, na hata hilo jina linatupotosha, maana mbwa mwitu wetu ni yule wa madoadoa mwenye masikio kama sahani. Huyu ni wa Ulaya, yule wa "mbwa mwitu katika mavazi ya kondoo".

Kisa chenyewe: Amulius alimpora kaka yake Numitor ufalme. Binti wa Numitor akazaa mapacha, Romulus na Remus, Amulius akaamuru watoswe mto Tiber. Maji yalikuwa yamefurika, yalipopwa wale watoto wakabaki ukingoni. Mbwa mwitu akashuka kunywa maji, akawanyonyesha, mpaka mchungaji Faustulus alipowaokota. Walipokua wakajenga mji, wakagombana, Romulus akamuua Remus, mji ukachukua jina lake. Warumi walikuja kukubaliana kuwa huo ulikuwa mwaka 753 KK.

VRBS ROMA ni "Jiji la Roma" (V ni U yao). Hicho kichwa chenye kofia si mfalme. Ni Roma mwenyewe, jiji lililochorwa kama mwanamke wa vita. Sarafu hizi zilianza kutoka mwaka 330 au karibu na hapo.

#5 Mama Wawili
Kumbe pesa haina sura ya mfalme? Na mfalme mwenyewe yupo hai? Hiyo kwa wakati ule si ajabu?

#6 Kobe wa Mtoni
Ajabu hasa. Tangu Julius Caesar aweke sura yake kwenye pesa mwaka 44 KK akiwa hai, akauawa mwaka huohuo, wakubwa wa Roma hawakuacha tena mchezo huo. Ndiyo maana hii ya mbwa mwitu inafikirisha. Constantine aliendelea kutoa nyingine zenye uso wake na za wanawe, ila hii na mwenzake mmoja akaziachia miji.

#7 Fundi Saa
Huyo mwenzake ndiye ufunguo. Tarehe 11 Mei 330 Constantine alizindua rasmi mji wake mpya, Constantinople, Istanbul ya leo. Zikatoka sarafu mbili kwa pamoja. Moja hii ya mbwa mwitu. Ya pili imeandikwa CONSTANTINOPOLIS, nyuma yake kuna Ushindi, mungu wa kike mwenye mabawa, amesimama kwenye omo ya merikebu, mkuki mkononi na ngao pembeni.

Kwangu mimi maana iko wazi: Roma ilikuwa inapewa pole. Makao yanahama, wazee wa Roma wananuna, basi mnawatolea sarafu yenye hadithi yao ya utotoni ili wajue hawajasahaulika.

#8 Chaurembo
Yaani Dodoma na Dar. Makao yamehama, nyie bakini na bahari na foleni.

#9 Mama Wawili
😂😂 #8 umeua.

#10 Msomaji wa Pembeni
#7 sikubaliani na "pole". Sarafu zote mbili zina uzito mmoja na thamani moja, na ziligongwa kwenye viwanda vya serikali kuanzia Lyon na Trier huko magharibi hadi Antiokia na Alexandria. Mtu wa Misri ana habari gani na manung'uniko ya wazee wa Roma? Hapo Constantine anawaambia watu wote kwamba himaya sasa ina vichwa viwili, na kile kipya kina hadhi sawa na cha zamani. Anayeinuliwa hapo ni Constantinople, kwa kusimamishwa bega kwa bega na Roma. Mbwa mwitu ni shahidi tu wa harusi.

Na hilo jahazi la Ushindi si pambo. Mwaka 324 mwanawe Crispus aliipiga meli kwa meli jeshi la Licinius, mfalme mwenza aliyekuwa hasimu wa Constantine, kwenye mlangobahari wa Hellespont, ndipo njia ya kwenda Byzantium, mji uliokuja kuitwa Constantinople, ikafunguka. Miaka miwili baadaye Constantine akaamuru Crispus huyohuyo auawe. Jina la kijana likatoweka kwenye pesa, ushindi wake ukabaki.

#11 Fundi Saa
Hiyo ya Crispus inauma kila nikiisoma. Lakini "hadhi sawa" na "pole" vinaweza kukaa nyumba moja, mkuu. Mke mkubwa ukimwambia yeye na mdogo ni sawasawa, hiyo si pole?

#12 Mama Wawili
#11 hiyo si pole, hayo ni matusi.

#13 Mzee wa Zaburi
Nirudi kwa swali la mleta uzi, maana mmemwacha njiani. Kijana, mbwa mwitu hakuwa mungu. Hakuna aliyekuwa anamsujudia. Alikuwa alama ya mji, kama simba wawili kwenye nembo ya Kenya au yule bibi na bwana kwenye nembo yetu. Mkristo anaweza kuishika bila dhambi. Constantine alikuwa mwerevu: alichagua picha ambayo Mkristo na mpagani wote wangeipokea bila kuuliza. Aliona msalaba mwaka 312 kabla ya vita vya Daraja la Milvian na tangu siku hiyo alikuwa wa Bwana.

#14 Msomaji wa Pembeni
Mzee wangu shikamoo. La mbwa mwitu nakubali nusu. La "tangu siku hiyo" sarafu zenyewe zinakataa. Baada ya 312 Constantine aliendelea miaka kadhaa kugonga shaba zilizoandikwa SOLI INVICTO COMITI, yaani kwa Jua Lisiloshindwa, mwandani wa mfalme, na picha ya mungu jua na taji lake la miale. Zilikuwa nyingi kweli, hata leo ukinunua mfuko wa sarafu chafu hukosi moja.

Alama za Kikristo zilikuja polepole na kwa aibu. Iko ya mwaka 327 ya Constantinople, SPES PVBLIC, ambapo bendera yenye herufi za kwanza za jina la Kristo inamchoma nyoka. Hiyo ni adimu.

Kisha tazama aliyogongewa baada ya kufa mwaka 337. Amejifunika shela kichwani kama wafalme waliotangazwa miungu, ameandikwa DV, yaani "wa kimungu", na nyuma yuko kwenye gari la farasi wanne anapanda juu, mkono unashuka kutoka mbinguni kumpokea. Mkono wa nani? Mkristo anaona wa Mungu, anamkumbuka Eliya. Mpagani anaona mfalme anakwenda kwa wenzake miungu. Na waliotoa sarafu hiyo ni wanawe Wakristo!

#15 Mzee wa Zaburi
Marahaba. Ndiyo nilichosema: picha ambayo wote wanaipokea.

#16 Msomaji wa Pembeni
Hapo umenipiga, mzee.

#17 Kaka wa Kisauni
Mimi nataka kujua zile nyota, mbona mwazipita kama hamkuziona?

#18 Kobe wa Mtoni
Nyota zina kesi ndefu. Wengi husema ni Castor na Pollux, mapacha wengine wa hadithi, walinzi wa mabaharia. Kwenye dinari za fedha za zamani, tangu karibu 211 KK, wako juu ya farasi na kila mmoja ana nyota kichwani. Basi hapa mapacha wa Roma wamewekewa nyota za mapacha wa mbinguni.

#19 Fundi Saa
Wengine husema nyota ni za Romulus na Remus wenyewe, kwamba wamekuwa wa mbinguni.

#20 Kobe wa Mtoni
Tatizo la hiyo: aliyepaa akawa mungu ni Romulus, wakamwita Quirinus. Remus aliuawa akazikwa. Nyota yake imetoka wapi?

#21 Chaurembo
Aliyegonga alikuwa na nyota mbili zimebaki kwenye droo.

#22 Msomaji wa Pembeni
#21 unatania ila kuna ukweli ndani yake. Kwenye baadhi ya viwanda katikati ya nyota waliongeza shada, kwingine kuti la mtende, kwingine nukta. Hizo zilikuwa alama za udhibiti, kujua mzigo upi umetoka lini. Kwa hiyo si kila kilichochorwa juu ya mbwa mwitu ni theolojia. Mengine ni kazi ya karani wa stoo.

#23 Mpiga Deki
Nimetoka zamu. Aisee, asanteni, sikutegemea. Picha ndiyo hizo. Samahani kwa mwanga, ni taa ya jikoni. Nimeipima kwenye mizani ya unga ikasoma gramu 2. Na ...CONST nimeelewa sasa, ni Constantinople kwenyewe!

#24 Kobe wa Mtoni
Hapana! Mtego huo umewanasa wengi. Constantinople walijiandika CONS, halafu herufi ya Kigiriki ya karakana ikafuata: CONSA, CONSB na kuendelea. CONST yenye P au S mbele ni Arles, kusini mwa Ufaransa. Mwaka 328 mji ule ulibadilishwa jina ukaitwa Constantina, kwa heshima ya mwana wa mfalme, ndiyo sababu ya hizo herufi. P ni karakana ya kwanza, S ya pili. Tazama vizuri nafasi iliyo kabla ya C.

#25 Mpiga Deki
Duh. Hiyo nafasi ndiyo iliyoliwa. Ngoja niisafishe, nina ndimu na chumvi.

#26 Kobe wa Mtoni
USITHUBUTU.

#27 Fundi Saa
Weka ndimu chini, kijana.

#28 Binti Pangani
Mnisikilize mimi niliyeungua. Mume wangu alikuwa nayo moja ya Kirumi, kubwa, alipewa na mzungu aliyekuwa anafanya naye kazi melini. Nilimwonea huruma, nikaona nimtakatishie. Nikailaza kwenye soda usiku kucha. Asubuhi iling'aa kama pete mpya ya shaba, na uso wa mfalme ulikuwa umekwenda, pua haipo, herufi zimebaki kivuli. Hakusema neno. Aliitia mfukoni akatoka. Mpaka leo hilo jambo halizungumzwi nyumbani.

#29 Mama Wawili
Pole dada. Ungemwambia ni kutu ilikula.

#30 Fundi Saa
Ile ngozi ya kijani au kahawia ndiyo imebeba picha. Chini yake mara nyingi hamna kitu, shaba imeshageuka. Loweka kwenye maji yaliyochemshwa mvuke, yale ya kuongezea betri (si asidi!), badilisha kila baada ya siku mbili tatu, piga na mswaki laini. Wiki kadhaa. Kwa uchafu mgumu tumia kijiti cha meno chini ya lenzi. Ukiona unga wa kijani mpauko unaochomoza kama ukungu, hiyo ni chumvi inayoila shaba kwa ndani, itenge na wenzake.

Gramu 2 za mizani ya unga hazisemi kitu. Tafuta ya sonara. Za mwanzo zilikaribia gramu 2.5, na kabla Constantine hajafa zilishapunguzwa hadi kama 1.7. Uzito utakwambia imegongwa mwanzo au mwisho.

#31 Chaurembo
Yaani walikuwa wanapunguza pesa kimyakimya? Mbona hii serikali naijua.

#32 Msomaji wa Pembeni
Hawakuanza hapo. Zama za Nero sesta moja, yaani sestertius, ilikuwa na gramu kama 25 za shaba na zinki, dude la kujaza kiganja, na nne zilifanya dinari moja. Karne ya 3 dinari ya fedha ikachakachuliwa mpaka ikawa shaba iliyopakwa fedha juu. Mfalme Diocletian mwaka 301 akatoa amri ya bei kwa himaya nzima, adhabu ni kifo. Wafanyabiashara wakaficha bidhaa, amri ikafa. Hiyo yenyewe ya mleta uzi ilikuwa na fedha chembe tu.

#33 Mama Wawili
Swali la Jumapili: ile "sanamu hii na anwani hii ni ya nani" aliyouliza Yesu walipomjaribu kuhusu kodi, ni sarafu ya aina hii?

#34 Mzee wa Zaburi
Ndiyo, ya shaba, yenye sura ya Tiberio.

#35 Kobe wa Mtoni
Sura ya Tiberio sawa, ila ile ilikuwa dinari, ya fedha. Ya shaba ni ya mjane aliyetoa vitu viwili vidogo kabisa sadakani. Marko anawaeleza wasomaji wake kwamba vile viwili ni sawa na kodrante moja, na kodrante ilikuwa shaba ndogo kuliko zote za Roma. Anatafsiri pesa ya Uyahudi kwa pesa ya Kirumi ili wasomaji wake waelewe.

Na wakati huohuo Pilato alikuwa akigonga visarafu vya shaba Uyahudi, kati ya mwaka 29 na 31, vingine akaviwekea ile fimbo iliyopinda ya waaguzi wa Kirumi. Fikirini, kwa Wayahudi! Wengine wanasema aliwachokoza makusudi. Wengine wanasema alikuwa hajali, kwake ni chapa ya kawaida ya serikali.

#36 Mzee wa Zaburi
Nimesahihishwa. Alikuwa anachokoza, huyo Pilato namjua.

#37 Chaurembo
Turudi kwa fisi. Nimesoma mahali kwamba huyo "mbwa mwitu" alikuwa dada poa. Kweli?

#38 Fundi Saa
Cha ajabu ni kweli kwamba Warumi wenyewe walilisema. Kwa Kilatini *lupa* ni mbwa mwitu jike, na mtaani lilikuwa pia jina la kahaba. Mwanahistoria wao Livy anataja kwamba wapo waliodhani mke wa yule mchungaji, Larentia, ndiye aliyeitwa hivyo na wachungaji, hadithi ya muujiza ikazaliwa hapo.

#39 Mama Wawili
Kwa hiyo serikali nzima imechora umbea kwenye pesa.

#40 Msomaji wa Pembeni
Kabla hamjamdharau: picha hii ilikuwa kwenye pesa ya fedha ya Roma tangu karibu 269 KK. Miaka mia sita kabla ya hiyo ya mleta uzi, ukikadiria. Na haikuishia kwa Constantine. Wagoti waliotawala Italia baada ya himaya ya magharibi kuanguka, Wakristo kabisa, waligonga shaba kubwa kubwa zenye mbwa mwitu na mapacha wake. Yaani anaondoka mungu jua, anaondoka Jupita, mbwa mwitu anabaki. Hapo ndipo naona hoja ya #13 ina nguvu kuliko nilivyompa mwanzo.

Ila sanamu maarufu ya shaba iliyoko Roma, ile mnayoiona kwenye vitabu, watoto wake waliongezwa karne ya 15, na vipimo vya karibuni vinaonyesha hata mbwa mwitu mwenyewe huenda ni wa zama za kati. Picha ya uhakika ni ya kwenye pesa, si ya makumbusho.

#41 Kaka wa Kisauni
Nawauliza wenye elimu ya lugha. Sisi pesa twaiita pia fulusi. Bibi yangu hakusema pesa kabisa, "sina fulusi" basi. Nilisikia ni neno la Kirumi. Ni kweli au ni chai?

#42 Mjukuu wa Muscat
Si chai. Fulusi ni Kiarabu, *fulus*, wingi wa *fals*, sarafu ya shaba. Huku Oman mpaka leo pesa ni fulus. Waarabu walilichukua kwa Wagiriki wa Byzantium waliosema *phollis*, na wao kwa Kilatini, *follis*, maana yake mfuko. Kwa hiyo ukisema huna fulusi unasema huna shaba ya Kirumi.

#43 Fundi Saa
Safi sana. Basi hiyo ya mleta uzi ndiyo follis yenyewe! Wauzaji huziita hivyo.

#44 Kobe wa Mtoni
Wauzaji huziita hivyo, ndiyo, ila kwa mazoea tu. Ya mleta uzi wataalamu siku hizi huiita *nummus*. Follis iliyozaa fulusi ni ile ya Byzantium baada ya mwaka 498, mfalme Anastasius alipotoa shaba kubwa yenye herufi M katikati. Si mwanzo wa Maria wala wa mtu yeyote. Kwa Kigiriki M ni 40, yaani nummi 40 (nummi ni wingi wa nummus). K ni 20, I ni 10. Waarabu walipochukua Shamu karne ya 7 waliikuta hiyo sokoni.

#45 Binti Pangani
Kwetu fulusi ni samaki. Mtamu kwa nazi.

#46 Kaka wa Kisauni
Kwetu pia! Ndiyo maana bibi alikuwa hana fulusi wala fulusi.

#47 Mpiga Deki
Na "hela" je? Maana niko kwao.

#48 Mwana wa Kilwa
Hela ni ya hao wenyeji wako. Heller, visarafu vya shaba vya koloni la Ujerumani kwetu kuanzia 1904. Mwaka 1916 vita vilipowabana waligonga pesa ya dharura Tabora, hela 20 za shaba na rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Umeenda kununua shaba ya Kirumi kwao, ukaona euro 4 si kitu, wakati jina la pesa ulilotumia tangu utotoni ni shaba yao.

Lakini mnazungumza kama sisi hatukugonga zetu. Masultani wa Kilwa walikuwa na sarafu za shaba karne nyingi kabla ya Mjerumani. Hazina mbwa wala mfalme wala nyota za mapacha. Ni maandishi tu, na yana vina! Upande mmoja jina la sultani, kama Ali bin al-Hasan, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yanayokamilisha kina cha jina. Ukigeuza sarafu umemaliza shairi. Visarafu hivyo vimefika mpaka Zimbabwe Kuu, na vitano viliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Vilifikaje huko? Wapo wanaosema jahazi, wapo wanaosema Wareno, wapo wanaosema vilidondoshwa na mtu wa juzi.

#49 Chaurembo
Vina kwenye pesa. Sisi tuliweka sungura kwenye senti 50.

#50 Mama Wawili
Usimdharau sungura! Na shilingi ilikuwa na mwenge. Tuligawana zamu ya kuteka maji kwa "kichwa au mwenge".

#51 Fundi Saa
Watoto wa Roma walirusha pia, wakasema *capita aut navia*, vichwa au merikebu. Shaba zao za zamani zilikuwa na mungu Janus mwenye nyuso mbili upande mmoja na omo ya merikebu upande wa pili. Mwandishi Macrobius anasema waliendelea na maneno hayo mpaka enzi zake, pesa zenyewe zikiwa zimeshabadilika.

#52 Okello wa Jinja
Mmefika mpaka Australia na mmeuruka mto wetu. Kwenye sarafu za shaba za Alexandria chini ya Warumi yumo mungu Nile, mzee mwenye ndevu, mamba pembeni, na pengine namba ya Kigiriki ya 16. Ni dhiraa 16, kimo cha mafuriko mazuri. Maji yale yalitoka kwetu, Roma ikala ngano. Tunadai.

#53 Msomaji wa Pembeni
Ya 16 ni sahihi kabisa. Ila mafuriko, mkuu, ni ya Ethiopia. Nile ya Buluu ndiyo iliyoleta ule wingi wa maji na tope kila kiangazi. Nyeupe yenu inatiririka taratibu mwaka mzima.

#54 Okello wa Jinja
Basi tunadai ya miezi mingine.

#55 Kobe wa Mtoni
Kwa mamba, iliyo bora ni ya Nîmes, Ufaransa: imeandikwa COL NEM, mamba amefungwa mnyororo kwenye mtende. Ni Misri iliyotekwa na Augustus, mfalme wa kwanza wa Roma, mwaka 30 KK. Hadithi ya mtaani ni kwamba askari wastaafu wa vita vya Misri walipewa mashamba pale, wengine wanaikataa. Mji wa Nîmes mpaka leo una mamba na mtende kwenye nembo. Na nyingi zimekatwa katikati kwa patasi kupata chenji. Mamba mmoja, wauzaji wawili.

#56 Nipo Hapa Tu
Bado nimekaa. Je, ya mleta uzi ni adimu? Nataka kujua kama nimwombe mkopo.

#57 Fundi Saa
Mbwa mwitu ni wengi mno. Mwaka 2013 Devon, Uingereza, lilifukuliwa rundo moja la sarafu 22,888 za miaka ya 260 hadi 348, na za enzi za Constantine zimejaa humo. Euro 4 ni bei ya haki kwa chafu. Muulize tu yule mzee boksi limetoka wapi, maana zinazochimbwa usiku bila kibali zinaishia kwenye maboksi kama hayo.

#58 Mpiga Deki
Wiki tatu zimepita, narudi na mrejesho. Nilifuata #30, maji ya betri na mswaki. Ndimu nilinywea chai. Sonara wa hapa jirani amenipimia: gramu 2.41. Herufi ya kwanza imetokea, ni P. PCONST. Kobe ulisema kweli, Arles, karakana ya kwanza.

Yule mzee wa boksi nilimuuliza. Alisema ni za baba mkwe wake, akaangalia pembeni.

Sasa jambo jipya. Katikati ya zile nyota mbili kuna kitu. Mara naona X yenye mstari katikati, mara naona nyota ya tatu, mara naona uchafu. Picha hizo tatu, mwanga wa dirishani.

#59 Kobe wa Mtoni
Subiri kwanza. Usiguse tena. Arles ilitoa VRBS ROMA zenye herufi za Kristo, ile chi na rho zilizopishana, hapohapo katikati ya nyota. Juu ya mbwa mwitu kabisa.

#60 Mzee wa Zaburi
Haleluya.

#61 Msomaji wa Pembeni
Mzee, taratibu. Hata kama ni hiyo, rudini #22. Alama za sehemu ile zilikuwa za udhibiti. Mzigo mmoja shada, mwingine kuti, mwingine Kristo. Inawezekana karani aliona ni alama kama nyingine. Au inawezekana alijua anachofanya. Na kwa picha hizi mimi naona nyota ya tatu.

#62 Binti Pangani
Mimi naona herufi P imesimama kwenye X. Upande wa kulia juu kuna kitundu cha P.

#63 Chaurembo
Naona fisi ana taji.

#64 Fundi Saa
Picha ya pili inaonyesha mstari wa wima unaotoka nje ya X. Nyota hazina mstari unaotoka hivyo. Lakini pale juu bado kuna udongo, na udongo ndio unaoamua.

#65 Mpiga Deki
Nina kijiti cha meno mkononi na mkono unatetemeka. Nimeirudisha kwenye maji. Keshokutwa sina zamu, nitaitoa saa nne asubuhi jua likiwa dirishani.

#66 Nipo Hapa Tu
Saa nne ya wapi? Nihamishe kiti.